Thamani Si Kipimo: Somo kwa Anunuaye Nyumba

Mas-ala tuliyoulizwa mara nyingi katika darsa zetu za karibuni si ya tohara wala ya saumu, bali ni ya nyumba. Ndugu zetu wengi wa Mombasa, Lamu na Malindi wamehamia Nairobi kwa kazi na biashara, na baada ya miaka ya kulipa kodi katika mitaa ya Eastlands wanataka makao yao wenyewe, Buruburu, Umoja, Donholm, Kayole au Embakasi. Nao huuliza hivi: “Benki imekwisha kumleta mtu wake akaitia nyumba thamani. Je, hayo yanitosha, au yanibidi nimlipe mtu mwengine aje aipime?”

Jawabu letu kwa ufupi ni kwamba hayakutoshi. Lakini jawabu fupi halimfai mtu anayetaka kutoa mali iliyochumwa kwa miaka ishirini. Basi na tulieleze jambo hili fungu baada ya fungu.

YALIYOMFIKA KIJANA WETU

Kijana mmoja katika wanafunzi wetu alinunua nyumba katika mtaa mmoja wa Eastlands uliojengwa katika miaka ya 1970. Nyumba ya asili ilikuwa ndogo, na mwenyewe wa kwanza alikuwa ameiongeza kwa mbele: duka moja na chumba juu yake. Sehemu ya fedha ilikuwa ni fungu la mamake katika nyumba ya mirathi iliyouzwa Mji wa Kale, Mombasa. Sehemu iliyobaki ilitoka katika benki inayofuata sharia. Makusudio yalikuwa mema: kodi ya duka imlishe mama, na kijana alipe benki kwa mshahara wake.

Benki ikamtuma mthamini, kijana akalipa ujira wake, na ripoti ikaja. Kijana akafungua ukurasa wa mwisho, akaona tarakimu, nayo ilikuwa juu kidogo ya bei aliyotajiwa. Akafurahi, akasema, “Alhamdulillahi, nyumba imekwisha kupimwa.” Ripoti akaitia sandukuni.

Mwezi wa nane wakaja watu wa serikali ya kaunti kufungua bomba la maji machafu lililoziba. Wakatafuta kifuniko chake, wakakikuta chini ya sakafu ya lile duka. Wakapima, ikadhihirika kwamba duka zima limesimama katika akiba ya barabara, nje ya mpaka wa kiwanja. Kijana akapewa notisi ya kubomoa.

Alipotuletea ile ripoti tuisome pamoja, tulikuta katika ukurasa wa pili maneno yenye maana hii: kwamba mthamini hakupima mipaka, na amechukulia kwamba majengo yote yamo ndani ya kiwanja, kwamba hakukagua misingi wala mabomba yaliyofichika, na amechukulia kwamba ni mazima. Tazameni basi. Mthamini hakumdanganya mtu. Alisema waziwazi jambo alilolifanya na jambo asilolifanya. Aliyepotea ni msomaji aliyesoma tarakimu akaacha maneno.

MAZOEA YETU WATU WA PWANI

Kosa hili haliji bure. Sisi watu wa pwani tuna mazoea yetu katika nyumba. Mombasa, khasa Majengo na Kisauni, mtu huweza kumiliki nyumba asimiliki ardhi. Kuta, mlango na paa ni vyake, na ardhi ni ya mwengine, naye humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba za namna hii huuzwa na kurithiwa, na anunuaye hutazama kuta na hali ya paa, kisha humwuliza jirani.

Mazoea haya yalipanda gari la moshi pamoja na wazee wetu. Pumwani, mtaa ambao Baraza la Mji wa Nairobi liliwatengea Waafrika katika miaka ya 1920, wenyeji walijijengea nyumba za Kiswahili juu ya viwanja vya Baraza. Nyumba ilikuwa yao, ardhi haikuwa yao. Kwa hiyo jicho letu limefundishwa kutazama kuta, halikufundishwa kutafuta jiwe la mpaka.

Wala hivi sivyo vitabu vyetu vya fiqhi vilivyotufunza. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mtu akiuza nyumba bila ya kuvua kitu, ardhi yake imo katika mauzo. Na wanavyuoni walipoisherehesha sharti ya kukiona kitu kinachouzwa, walisema kwamba anunuaye nyumba aone vyumba, dari, paa, kuta za ndani na za nje, mahali pa kuogea, na hata mfereji wa maji machafu. Lau kijana wetu angaliikumbuka darsa hiyo, angaliuliza bomba linapita wapi.

MAFUNDI WATATU NA MASWALI YAO

Katika ununuzi wa nyumba wako mafundi watatu, na kila mmoja ana swali lake. Mwenye kuwachanganya ni kama mgonjwa amwendeaye fundi wa miwani kwa maradhi ya moyo.

Wa kwanza ni mpima ardhi, mwenye leseni chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299. Swali lake ni hili: Kitu hiki kiko wapi, na mpaka wake ni upi? Hununua ramani ya kiwanja katika ofisi za upimaji za serikali, Ruaraka, kisha huenda mahali penyewe akatafuta mawe ya mpaka, ambayo watu huyaita bikoni. Mjini aghalabu ni vyuma vilivyotiwa zege. Jiwe likiwa limeng'olewa au limefunikwa, hulirudisha mahali pake kwa hesabu za ramani. Mwisho hukuambia: ukuta huu umo ndani, nyongeza hii imetoka nje kwa kadiri fulani, jirani ameingia kwako kwa kadiri fulani.

Wa pili ni mhandisi wa majengo aliyeandikishwa. Swali lake: Jengo hili ni zima? Hutazama msingi, nguzo, nyufa, paa, unyevu na mabomba, na hutazama pia kama msingi uliwekwa kwa ghorofa moja ukaja kubebeshwa tano.

Wa tatu ni mthamini, naye ana sheria yake, Sura ya 532. Swali lake: Kama kitu hiki ni halali na ni kizima, watu wangelitoa kiasi gani kukinunua? Hutazama nyumba za namna hiyo zilizouzwa karibu, ukubwa, njia, maji, kodi inayopatikana, na miaka iliyobaki katika mkataba wa ardhi. Kwani nyumba nyingi za Nairobi zimesimama juu ya ardhi iliyokodishwa na serikali kwa miaka maalumu, mara nyingi 99, si milki ya daima.

Lizingatieni neno “kama” katika swali la mthamini. Hapo ndipo somo letu lote lilipo. Thamani hujengwa juu ya dhana kwamba mpaka ni sahihi na jengo ni zima. Dhana hiyo ikivunjika, tarakimu nayo huvunjika, hata ikiwa imepigwa muhuri.

THAMANI NI YA NANI?

Jambo jengine lisilojulikana na wengi ni kwamba nyumba moja huweza kuwa na thamani nne katika ripoti moja, na zote zikawa kweli. Iko bei ya soko, nayo ni bei baina ya muuzaji na mnunuzi wasiolazimishwa na mtu. Iko thamani ya rehani, ambayo benki huitegemea ikitoa fedha. Iko bei ya kuuzwa kwa haraka, iliyo chini ya bei ya soko, ili benki ijue itapata nini siku utakaposhindwa kulipa. Na iko thamani ya bima, nayo ni gharama ya kulijenga upya jengo, ardhi haimo ndani yake.

Tena iko thamani ya tano, ya mthamini wa serikali, kwa ajili ya ushuru wa stempu, ambao mjini ni 4 katika kila 100. Hiyo ni ya hazina ya serikali, haikuja kukulinda wewe.

Benki inapomtuma mthamini, huuliza swali la benki: je, mali hii itatulipa deni letu? Wewe unalipa ujira, lakini swali si lako. Nawe una swali jengine kabisa: je, mimi na watoto wangu tutalala humu kwa amani miaka thelathini? Atakaye jawabu lake hana budi aulize swali lake mwenyewe, na amlipe fundi wa swali hilo.

UDONGO WA EASTLANDS

Mtu wa pwani amezoea mwamba wa matumbawe, mahali ambapo msingi mfupi husimama miaka mingi. Nairobi ya mashariki si hivyo. Upande wa magharibi wa mji una udongo mwekundu, lakini nyanda zielekeazo Embakasi na Athi zimetandwa na udongo mweusi wa kunata. Udongo huu huvimba mvua inyeshapo na hunywea jua likiwaka, na nyumba iliyo juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Mjenzi mwaminifu huuchimba wote akautupa mpaka afike kwenye tabaka gumu. Mjenzi wa haraka huujengea juu, akapiga rangi, akauza.

Dalili zake utaziona hata wewe usiye fundi: nyufa za mshazari zitokazo pembe za madirisha, mlango usiofunga sawasawa, sakafu iliyoachana na ukuta, na ukuta mmoja uliopakwa rangi mpya ilhali wenziwe wana rangi ya zamani. Ukiziona usiseme ni kitu kidogo, wala usiseme nyumba itaanguka. Mwite mhandisi. Na ikiwezekana, nenda ukaitazame nyumba wakati wa mvua.

Tukumbuke usiku wa 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lilipoanguka Huruma, ukingoni mwa mto, baada ya mvua kubwa, wakafa watu wasiopungua 50. Desemba 2019 jengo jengine likaanguka Tassia, Embakasi. Waliokuwamo walikuwa wapangaji wenye kutafuta riziki. Anunuaye jengo la namna hiyo hajihatarishi peke yake. Huwa amebeba amana ya kila atakayelala ndani yake.

HATI PEKE YAKE HAIKINGI

Labda mtu atasema: “Mimi nina hati ya kumiliki, mpima wa nini?” Na azingatie kisa cha kwetu pwani. Palikuwa na kiwanja karibu na bahari, Nyali, kilichopita mikono kadha mpaka kikafika kwa kampuni iliyokuwa na hati yake. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikabomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda pwani. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Kenya, na Aprili 2023 mahakama ikahukumu kwamba kuonyesha hati hakutoshi. Ni lazima asili ya hati hiyo iwe ya halali tangu mwanzo. Ardhi ya umma iliyotolewa kinyume cha sheria haiwi milki ya mnunuzi, hata akiwa alinunua kwa nia njema.

Na huko huko Eastlands, Mei 2020, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi, kwa hoja kwamba ardhi ni ya mitambo ya maji machafu. Wakazi walisema kwamba wana karatasi zao. Walilala nje mvuani, na wakati ule ulikuwa wa maradhi ya korona.

Kwa hiyo, kabla ya mafundi watatu, yuko wa nne asiyeachwa: wakili wa kulipekua daftari la ardhi. Na asitosheke na jina la mwenye hati ya leo. Afuate nyayo kurudi nyuma, nani alimpa nani, na kwa idhini gani. Nairobi upekuzi huu hufanywa kwa mtandao wa serikali uitwao Ardhisasa, ulioanzishwa Aprili 2021.

NYUMBA GANI, FUNDI GANI?

Watu hutuambia kwamba hawana uwezo wa kuwalipa wote. Tunalijua hilo, na tunalipanga hivi, kwa namna za nyumba.

Ukinunua nyumba ya zamani iliyoongezwa, kama zilivyo nyingi za Buruburu na Umoja, mwanzishe mpima ardhi, kisha mhandisi aitazame ile nyongeza. Omba kuonyeshwa idhini ya kaunti kwa nyongeza hiyo. Mabomba ya mitaa hii yaliwekwa kwa ajili ya nyumba ndogo za watu wa nyumba moja, na leo nyumba nyingi zimegeuzwa kuwa maghorofa.

Ukinunua sehemu katika ghorofa, mwanzishe mhandisi kwa jengo zima, si kwa vyumba vyako tu, kwani nguzo iliyo chini kabisa ndiyo inayokubeba. Kisha uulize hati. Tangu 28 Desemba 2020 inatumika sheria mpya ya mali ya sehemu, ambayo kwayo kila nyumba ya ghorofani hupata hati yake kwa ramani iliyotengenezwa na mpima na kufungamana na ramani ya ardhi. Ukiambiwa kwamba hati itakuja baadaye, nawe useme kwamba fedha zitakuja baadaye.

Ukiuziwa kiwanja au nyumba kwa cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, kama ilivyo kwingi Embakasi na Ruai, usimwite mthamini wala mhandisi kwanza. Anza na daftari na mpima. Cheti cha hisa si hati ya ardhi, na kiwanja kimoja huweza kuwa kimeuzwa kwa watu wawili au watatu. Ikiwa daftari halimjui muuzaji, hapana haja ya kuuliza bei.

Mthamini na aje mwisho, akikuta mpaka umekwisha kujulikana na ripoti ya mhandisi iko mezani. Hapo tarakimu yake itasimama juu ya ukweli. Nawe utaweza kumwambia muuzaji: kwa ajili ya ufa huu na paa hili, punguza kiasi hiki. Mara nyingi punguzo hilo hulipa ujira wa mafundi wote.

HAYA ISIYO NA MAHALI PAKE

Limebaki kizuizi kimoja, nacho si fedha. Ni haya. Mnunuzi husema: “Muuzaji ni Mwislamu mwenzangu, tunasali safu moja, nitamletea vipi mhandisi nyumbani kwake? Si nitakuwa nimemtuhumu?”

Ndugu yangu, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina, mji wake na watu wake, akaiona chungu ya nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta majimaji. Hakutosheka na kuona juu tu, wala hakuona haya kwa mwenye mali. Kisha akamkataza kuificha kasoro chini ya kilicho kizuri. Basi kutia mkono katika chungu si tuhuma, ni mwendo wa mauziano safi. Na muuzaji mwema hufurahi, kwani humwokoa na dhambi ya kuficha asilolijua.

Tena tujue tofauti hii. Katika sharia yetu, aibu ya zamani ikidhihirika baada ya kununua, mnunuzi ana khiyari ya kurudisha, nayo yataka afanye haraka. Lakini katika mahakama za nchi, msingi ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe, na mikataba mingi huandikwa kwamba nyumba imeuzwa kama ilivyo. Ukiisha kutia sahihi, kuta ni zako pamoja na nyufa zake.

Kijana wetu alilibomoa lile duka kwa mkono wake, ili asitozwe gharama ya kubomolewa. Nyumba ya asili imebaki, nayo ni nzima. Deni la benki ni lile lile, na riziki ya mama sasa yatoka katika mshahara wa mwanawe. Yule mama hakumlaumu. Alimwambia neno moja tu, ambalo kijana ametuomba tuliandike ili liwafae wengine: “Mwanangu, uliiuliza bei, hukuiuliza nyumba.”

Basi atakayenunua baada ya kusoma haya na aiulize nyumba kwanza. Wallahu aalam.